Njia ya zege nyumbani: Fundi huondoka jioni, siku saba ni za familia

Masika yakianza, familia nyingi zilizojenga pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Kimara hadi Kivule na Chanika, huianza siku kwa kazi moja: kulitoa gari nje ya geti. Baba anawasha injini, mama anatafuta mawe na vipande vya mbao vya kuweka chini ya tairi, watoto wamesimama barazani na sare zao wakisubiri. Gari likitoka, sare ya mmoja tayari imerukiwa na tope. Lisipotoka, safari ya shule inakuwa ya bodaboda, na siku imeharibika kabla ya saa moja asubuhi.

Hapo ndipo mazungumzo ya zege huanza mezani. Mara nyingi fedha hupatikana mwishoni mwa mwaka, ada za Januari zikiwa zinanusa mlangoni. Fundi anaitwa haraka, zege linamwagwa siku moja juu ya udongo ule ule, jioni linapendeza, na kabla ya wiki kuisha gari linapita. Masika ya pili yakifika, nyufa zimekatiza katikati na kona ya getini imezama. Fedha iliyotosha kulipa muhula wa mtoto imefukiwa chini, na kazi inatakiwa kurudiwa.

Wengi humlaumu fundi kwamba alibania saruji. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi zege la nyumbani huharibika kwa sababu ya mambo matatu yasiyoonekana siku ya kumwaga: udongo ulio chini yake, njia ya maji, na haraka ya wenye nyumba wenyewe.

Kazi inaanzia chini

Zege hubeba mzigo mkubwa likikandamizwa, lakini ni dhaifu likipindwa. Udongo ukibonyea mahali pamoja, zege hubaki likining'inia juu ya shimo, na tairi likipita hapo linapindwa hadi lipasuke. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye udongo, si kwenye saruji.

Udongo wa juu wenye mizizi na takataka uondolewe wote. Kwa njia ya gari dogo, uchimbaji wa takriban sentimita 25 unatosha: sentimita 15 za moramu au kifusi kizuri, na 10 za zege. Moramu isimwagwe yote kwa mpigo. Iwekwe kwa tabaka mbili, ilowanishwe kidogo, na kila tabaka lishindiliwe kwa mashine, ambayo hukodishwa kwa siku. Kipimo cha mwenye nyumba ni rahisi: akikanyaga kwa nguvu na kisigino kikaacha shimo, kazi bado.

Wenye viwanja vya udongo wa mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, wana kazi zaidi. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na zege lililo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Hapo ni lazima kuchimba zaidi na kuongeza unene wa moramu.

Kabla ya kufunika, baba na mama wazunguke pamoja na kujiuliza ni nini kitakatiza hapo baadaye. Bomba la maji? Waya wa taa ya getini? Bomba la majitaka? Kipande cha bomba tupu kikilazwa chini mapema, miaka mitano ijayo hakuna atakayevunja zege kwa nyundo ili kupitisha waya mmoja. Mifuniko ya chemba nayo ibaki juu, isizikwe.

Maji yaende wapi?

Udongo ulikuwa unakunywa sehemu ya mvua. Zege halinywi. Njia ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 10 ikipata mvua ya milimita 50, lita 1,500 za maji zitateremka juu yake kutafuta mahali pa kwenda. Fundi asipozipangia njia, zitaingia sebuleni, au kwa jirani, na hapo ugomvi wa mtaa unaanza.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha, na uelekee mbali na ukuta wa nyumba. Upimwe kwa kamba na pima maji kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu baada ya hapo haurekebishiki. Pale kiwanja kinaposhuka kutoka barabarani kwenda nyumbani, mfereji wenye mfuniko wa chuma ukatizwe mbele ya baraza ili uyapokee maji kabla hayajafika mlangoni.

Mtaro ulio nje ya geti ni suala jingine. Huo ni wa barabara, si wa mwenye nyumba. Kuujaza zege ili gari lipite ni kuyafungia maji ya mtaa mzima, na mvua kubwa ikija nyumba ya kwanza kufurika inaweza kuwa ya aliyeuziba. Panahitajika kalavati, na maelekezo yaombwe kwa wenye barabara: TARURA kwa barabara nyingi za mitaa, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa.

Unene, na gari la maji

Sentimita 10 zinatosha gari dogo la familia. Lakini swali la kujiuliza ni gari gani zito zaidi litakaloingia, si gari gani linalolala hapo. Boza la lita 10,000 hubeba tani 10 za maji, mbali na uzito wa gari lenyewe. Gari la kunyonya majitaka nalo halipungui sana. Kama magari hayo yataingia ndani ya geti, unene uwe sentimita 15, au yasimamie nje na kutumia mpira mrefu.

Wavu wa chuma husaidia, ila kwa sharti. Uinuliwe juu ya vitofali vidogo vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti, ili ukae katikati ya unene au juu kidogo. Wavu uliolazwa chini kwenye moramu ni chuma kilichozikwa bure. Tena hauzuii ufa kuanza; unauzuia usifunguke.

Kinachotawala nyufa ni viungo. Zege husinyaa kadiri linavyokomaa, na lazima lipasuke mahali fulani. Fundi mzuri hulichagulia mahali: humwaga kwa vipande, au hukata mstari wa kina cha robo ya unene kila baada ya mita 2.5 hadi 3. Zege lisigandane na ukuta wa nyumba pia. Kipande cha foamu katikati yao huruhusu kila kimoja kucheza kivyake.

Siku ya kumwaga

Kwa njia ya mita 3 kwa 10 yenye unene wa sentimita 10, zege linalohitajika ni mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 3, hiyo ni takriban mifuko 22 hadi 24 ya kilo 50, pamoja na kinachopotea. Kwa ndoo za lita 20, kila mfuko mmoja unapokea mchanga ndoo 3 na nusu na kokoto ndoo 5. Mwenye nyumba anayejua hesabu hii hahitaji kugombana na mtu. Anahesabu ndoo tu. Akinunua, atazame namba ya mfuko: 42.5 ina nguvu kubwa kuliko 32.5 ambayo wengi huitumia kwa lipu.

Adui mkubwa siku hiyo ni maji. Zege lenye maji mengi hutiririka vizuri na kumpunguzia kazi saidia fundi, lakini linapoteza nguvu na juu yake hutoa vumbi baada ya miezi michache. Mfuko mmoja hauhitaji zaidi ya lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa ni pungufu ya hapo. Sauti ya kusikilizwa ni ile ya "ongeza maji kidogo" saa nane mchana, wakati kila mtu amechoka.

Kazi ianze alfajiri, jua likiwa bado pole. Mwishoni, uso wa zege uchanwe kwa fagio gumu kukatiza mteremko. Niru inang'aa na inavutia pichani, lakini kwenye mteremko wakati wa mvua huteleza, na watakaoteleza ni bibi na watoto wanaokimbia.

Siku saba za subira

Fundi hukusanya koleo na karai zake jioni, anapokea fedha yake na kusema, "Bosi, keshokutwa unapita tu." Hapo ndipo kazi ya familia inapoanza.

Watu hudhani zege huwa gumu kwa kukauka. Ni kinyume chake. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na maji yakiisha mapema, nguvu husimama hapo ilipofika. Jua la Dar es Salaam linaweza kuyamaliza maji ya juu kwa saa chache. Ndiyo maana zege lifunikwe kwa nailoni au magunia mabichi, na limwagiliwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku zisizopungua saba. Siku moja ya kusahau haifidiwi kwa ndoo kumi za kesho yake.

Gari dogo lisubiri siku saba, na likisubiri zaidi ni vizuri. Boza lisubiri siku 28. Wiki hiyo moja gari lilale nje kwa jirani mwema, au kwenye maegesho ya kulipia yenye mlinzi. Gharama yake ni ndogo kuliko kumwita fundi tena.

Kwa sababu hiyo, muda mzuri wa kazi hii Dar es Salaam ni kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa chache na ardhi imekauka. Mwenye fedha Desemba hapotezi kitu akinunua moramu, ashindilie, halafu aache vuli na masika vimwonyeshe maji yanapita wapi. Na kama fedha haitoshi, si lazima kufunika eneo lote. Mistari miwili ya tairi, kila mmoja wa upana wa sentimita 70, na nyasi au kokoto katikati, inahitaji zege chini ya nusu. Ni bora mistari miwili iliyotengenezwa vizuri kuliko uwanja mzima wa kurudia.

Watoto na njia mpya

Zege bichi linawavuta watoto kama unga wa chapati. Lakini saruji mbichi inaunguza ngozi, tena taratibu, bila maumivu ya haraka. Siku ya kazi wadogo wawe kwa shangazi au ndani na mtu mzima. Aliyeshika aoshwe mara moja kwa maji mengi safi. Likimwingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, na apelekwe hospitali. Mapipa na ndoo za kumwagilia zifunikwe. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Hatari nyingine huja baadaye, wazazi wakiwa wameshasahau. Kwa baba na mama ile ni njia ya gari. Kwa mtoto ni uwanja laini wa kwanza maishani mwake: hapo atachora kwa chaki, atapanda baiskeli, atakaa chini kucheza na gari lake la plastiki. Dereva aliyeketi hawezi kumwona mtoto wa miaka miwili aliyekaa nyuma ya bampa. Kwa hiyo nyumba iwe na sheria moja isiyovunjwa: injini haiwashwi mpaka dereva amelizunguka gari kwa miguu na watoto wote wamehesabiwa barazani, mikononi mwa mtu mzima. Na wanapocheza, geti lifungwe, kwa sababu baiskeli kwenye mteremko wa zege haisimami barabarani kungoja bodaboda ipite.

Wakubwa kidogo wanaweza kupewa kazi. Zege likishakuwa gumu siku ya pili, wa darasa la tatu au la nne anaweza kushika mpira wa maji kila jioni, ndala miguuni, mzazi akiwa karibu. Atajifunza kwamba kitu imara hakimaliziki siku kinapoanza kupendeza.

Na wale wanaolilia kuacha alama ya kiganja, mama achukue msumari jioni ile ile zege likiwa bado laini, aandike pembeni majina yao na mwaka. Kiganja cha mtoto kitabaki salama, na majina, kama subira ya siku saba ilikuwepo, yatasomeka siku mwenye jina atakapoingia getini akiendesha gari lake mwenyewe.