Kadi za hoki zibaki, swali la bei liondoke

Wazazi wenzangu, na ninyi wanetu mnaosoma jarida hili,

Kama mlivyosikia, katika mkutano ujao wa wazazi tutapiga kura kuhusu jambo dogo lililozua kelele kubwa: watoto waendelee kuja na kadi za hoki shuleni siku za Jumamosi, au zipigwe marufuku? Pendekezo la marufuku lilikuja baada ya mtoto wa miaka minane kutoa kadi nzuri ya mchezaji chipukizi na kupewa kadi tatu za kawaida, kisha akarudi nyumbani analia. Mimi nitapiga kura ya kupinga marufuku. Naomba mnisikilize kabla hamjaamua, kwa sababu naona tumezikasirikia kadi wakati kosa liko kwingine.

Kwa mzazi ambaye hajui kinachozungumzwa, kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vinavyoenea kiganjani. Mbele kuna picha ya mchezaji wa hoki ya barafuni, nyuma kuna habari zake: alikozaliwa, urefu, uzito, mabao aliyofunga. Huuzwa ndani ya pakiti iliyofungwa, na hujui umempata nani mpaka uichane. Zinazotafutwa zaidi ni za chipukizi, yaani mchezaji aliye katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu ya NHL. Mchezaji anaweza kutolewa mamia ya kadi maishani mwake, lakini msimu wa kwanza ni mmoja tu. Kampuni ya Upper Deck imekuwa ikitoa kadi za chipukizi ziitwazo Young Guns tangu msimu wa 1990-91, na hizo ndizo watoto wetu wanazozinong'oneza darasani wakati mwalimu anaandika ubaoni.

Wazee wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ukiangalia vizuri, biashara nzima ya kadi za chipukizi imesimama juu ya methali hiyo. Mtu hununua picha ya kijana wa miaka 18 au 19 leo, akitumaini kwamba jioni nyota itakuwa bado inang'aa.

Na kweli, wakati mwingine inang'aa. Kadi ya chipukizi ya Wayne Gretzky ilitolewa msimu wa 1979-80 na O-Pee-Chee, kampuni ya chingamu ya mji wa London, hapa hapa Ontario. Mwaka 2021 kadi moja ya aina hiyo iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 3.75. Sababu haikuwa jina la Gretzky peke yake. Kadi zile zilikatwa kwa waya, kingo zikatoka zimeparaza, na ukingo wake wa buluu huchubuka upesi. Watoto wa wakati ule walizitia mfukoni, wakazifunga kwa mpira, wakazibana kwenye spoki za baiskeli ili zilie kama pikipiki. Hadi siku ya mauzo yale, kampuni ya PSA inayopima ubora wa kadi ilikuwa imezipa kadi mbili tu za aina hiyo alama kamili ya 10.

Habari kama hiyo ikishaingia nyumbani, mzazi hawezi tena kuiona kadi bila kuuliza, "Hiyo ni bei gani?" Hapo ndipo tulipokosea. Swali hilo wamejifunza kwetu. Mtoto mkubwa aliyemzidi akili yule wa miaka minane alikuwa amekwisha tazama bei kwenye simu. Alifanya kile tunachokisifu mezani tunaposimulia nani ameuza kiwanja kwa faida.

Basi tuliangalie swali la bei kwa hesabu, maana hii ni shule. Kwa miaka mingi boksi la Upper Deck lilikuwa na pakiti 24, na kwa wastani pakiti moja kati ya nne ilikuwa na Young Guns. Hizo ni sita kwa boksi. Katika toleo moja chipukizi ni takriban 50. Kwa hiyo mtoto anayemtaka mchezaji mmoja maalumu, akifungua boksi zima, ana nafasi kama moja kati ya nane ya kumpata. Mara saba atafunga boksi tupu akiwa na huzuni, na mzazi akiwa na risiti.

Tukumbuke pia yaliyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu waliposikia kadi za zamani zina thamani, wote walianza kununua na kuweka akiba, na kampuni zikachapa kwa wingi usio na kifani. Leo kadi nyingi za miaka ile zimejaa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Kanada, safi kabisa, na hakuna anayezitaka. Kila mtu alitunza, kwa hiyo hakuna kilichoadimika.

Na hata nyota yenyewe ya asubuhi hudanganya. Kila mwaka timu za NHL huchagua vijana kwa zamu. Mwaka 1993 Ottawa ilimchagua Alexandre Daigle wa kwanza kabisa, na kadi zake zikagombaniwa. Alicheza miaka kadhaa lakini hakuwa yule aliyetabiriwa. Aliyechaguliwa wa pili, Chris Pronger, aliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki mwaka 2015. Kipa Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000, wakati ambapo wengi walikuwa wameshaacha kusikiliza majina. Naye yumo kwenye Ukumbi wa Heshima tangu 2023. Kama watu wanaolipwa kuwatazama vijana hawa mwaka mzima hukosea hivyo, mtoto wa darasa la nne na simu ya mama yake atapatia vipi?

Mzazi mmoja aliniambia kwamba kununua pakiti iliyofungwa kwa matumaini ya kupata kitu cha thamani ni kamari. Sitabishana naye. Inakaribia sana, na kwa mtoto ambaye hawezi kuacha baada ya pakiti ya kwanza, imeshafika. Lakini jibu la hoja yake halipo kwenye marufuku. Kadi nyingi za chipukizi, za wachezaji wasio na majina makubwa, huuzwa moja moja kwa bei ya kikombe cha chai. Ukiijua unayoitaka, ukainunua hiyo hiyo, hapo hakuna bahati nasibu. Na watoto wawili wanaobadilishana kadi mbili wanazoziona kwa macho hawachezi kamari.

Wengine wanasema hoki si ya kwetu, watoto waletewe michezo yetu. Sina neno na bao wala gololi. Lakini wale tuliocheza gololi tunajua jinsi tulivyolana mpaka mifuko ikabaki mitupu, na kelele zake zilizidi hizi za kadi. Ama kuhusu hoki kuwa ya wengine, Nairobi kuna timu ya hoki ya barafuni, Kenya Ice Lions, iliyojifunza kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari. Mwaka 2018 wachezaji wake walikuja Kanada, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi na kucheza upande wao. Ni Crosby yule yule ambaye kadi yake ya chipukizi ya msimu wa 2005-06 watoto wanaiota usiku.

Sababu yangu kubwa ya kupinga marufuku ni nyingine. Tunalipa kodi ya ukumbi, walimu wanajitolea Jumamosi zao, na wote tunajua kengele ya mapumziko ikilia Kiswahili kinabaki darasani. Watoto wanatoka nje na kuzungumza Kiingereza. Sasa fikirini mahali ambapo wanataka kuongea, wana haraka ya kuongea, na kila neno lina faida kwao. Kubadilishana kadi ni soko. Sokoni unahitaji kusema: nakupa huyu wa Montreal, niongezee kipa wa Winnipeg. Huyu wako amekunjika pembe. Sitaki, nirudishie. Afadhali yule wa juzi. Ngoja nifikirie. Zoezi gani la kitabuni linampa mtoto maneno hayo yote kwa dakika kumi, bila kusukumwa?

Kwa hiyo napendekeza masharti manne badala ya marufuku. Kwanza, kadi zitolewe wakati wa mapumziko tu, na anayebadilishana abadilishane kwa Kiswahili. Anayekwama amwulize mwenzake au mwalimu. Pili, hakuna kuuza wala kununua shuleni. Tatu, kila mabadilishano yaandikwe kwenye daftari za wote wawili, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, mabadilishano yoyote yaweze kutenguliwa mpaka Jumamosi inayofuata. Wiki moja inamtosha mdogo kumwonyesha mzazi wake, na inamtosha mkubwa kujiuliza kama alitenda haki. Yule mtoto aliyelia angerudishiwa kadi yake bila mkutano wala kura.

Sasa naomba nizungumze na ninyi watoto.

Chagueni chipukizi mmoja. Si lazima awe yule anayetajwa kwenye televisheni kila usiku. Mchague kwa sababu yako mwenyewe: ni kipa kama wewe, au amezaliwa mji wenu, au jina lake linakupendeza. Jarome Iginla, aliyekuwa nahodha wa Calgary, ni mtoto wa baba kutoka Nigeria, na jina lake kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Hebu fikiria mtoto wa Edmonton mwenye jina la Kiafrika aliyeishika kadi ile kwa mara ya kwanza. Wasichana, ligi ya wanawake ya PWHL ilianza Januari 2024, na wachezaji wake nao wana kadi. Ligi changa ina chipukizi wengi.

Ukishapata kadi ya mchezaji wako, itie kwenye mfuko wake wa plastiki, kisha fungua daftari. Andika kwa Kiswahili jina lake, timu, alikozaliwa, na kwa nini umemchagua. Kila wiki ongeza mstari mmoja: amefunga, amekosa, ameumia, amerudishwa ligi ya chini. Akirudishwa ligi ya chini, usiitupe kadi yake. Wengi hurudi wakiwa bora zaidi. Ukifika mwisho wa msimu utakuwa na kurasa kadhaa ulizoandika mwenyewe, na bibi yako Tanga au Mombasa ataweza kuzisoma. Hilo bei yake haimo kwenye simu.

Nanyi wazazi, mtoto akija na kadi mkononi jioni ya leo, msimuulize ni shilingi ngapi au dola ngapi. Muulizeni, "Huyu ni nani, na wewe umempendea nini?" Kisha kaeni msikilize jibu lote, hata likichukua muda na hata Kiswahili kikivunjika njiani. Sisi wenyewe tunalea chipukizi. Tunapenda kumtazama mtoto wa miaka kumi na kutangaza kwamba huyu atakuwa daktari na yule hana mwelekeo. Bado ni asubuhi kwao, na tumeona jinsi wataalamu wa hoki wanavyokosea.

Mkutano ni baada ya masomo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Karatasi ya masharti manne itakuwa mezani. Yeyote mwenye sharti la tano alete, tulijadili.