Bosi kamwaga kimombo, wote tumetikisa kichwa. Nani kaelewa?

Wadau, leo tuwe wakweli kidogo. Ni wangapi kati yetu tumeshakaa kwenye kikao cha kazini, bosi akamwaga ung'eng'e nusu saa nzima, akauliza kama kuna swali, na watu wote wakatikisa kichwa kwamba mambo poa? Halafu mkitoka nje ndio mnaanza kuulizana: "Hivi kasema nini yule?"

Mimi yamenikuta. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kibarua kwenye ujenzi hapa Dar. Msimamizi Mchina, injinia Mhindi, mtunza stoo Mkenya, sisi wengine Wabongo. Lugha ya kazi Kiingereza. Siku moja msimamizi akamwambia dogo mmoja asiwashe mashine ya kuchanganyia zege mpaka aambiwe. Dogo akadaka neno moja tu, la kuwasha. Akawasha. Fundi aliyekuwa anakwangua zege mle ndani alikuwa ametoa mkono sekunde chache kabla.

Kilichoniuma ni kwamba dogo ndiye aliyefukuzwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini amri ya hatari namna ile ilitolewa kwa lugha ambayo si ya aliyeitoa wala ya aliyepewa. Na yule mtunza stoo, anayejua Kiingereza na Kiswahili vizuri tu, alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale.

Msinielewe vibaya, sipingi Kiingereza. Mchina, Mhindi na Mbongo wakikutana kazini lazima wapate lugha ya kukutania, na mara nyingi itakuwa hiyo hiyo. Swali langu ni moja: mtu asipoelewa, mzigo anabeba nani?

Tuangalie wenzetu. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye uwanja wa Tenerife, Hispania. Walikufa watu 583. Kulikuwa na ukungu na sababu nyingine kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa lugha. Rubani Mholanzi alisema kwa Kiingereza maneno ambayo muongozaji ndege Mhispania aliyaelewa kwamba ndege iko tayari na inasubiri, kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia. Wote walikuwa wanaongea Kiingereza! Baada ya hapo wakuu wa usafiri wa anga walikaza taratibu: maneno machache ya kudumu, na rubani lazima arudie alichoambiwa ili ihakikishwe kasikia sawa. Baadaye shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaweka na kipimo cha Kiingereza kwa marubani wa safari za kimataifa na waongozaji wao. Yaani hata marubani hawaaminiwi kwa kutikisa kichwa tu. Sisi kwenye zege ndio tuaminiwe?

Mfano wa pili, Japani. Mwaka 2010 Hiroshi Mikitani, mwenye kampuni ya Rakuten, alitangaza kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya kampuni nzima, akawapa wafanyakazi miaka 2 ya kujiandaa na mtihani juu. Mwanzoni watu waliambiwa wajifunze kwa muda wao na pesa zao, wengi wakahaha. Baadaye kampuni ikalegeza, ikaanza kuwalipia masomo na kuwapa muda. Hapo ndipo penye somo: anayetaka lugha fulani itumike kazini kwake, agharamie watu waijue. Hapa kwetu tangazo la kazi linasema "ajue Kiingereza vizuri", basi, yaliyobaki utajijua mwenyewe. Wakati kila mtu anafahamu kwamba shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, halafu ghafla kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka kimombo. Wangapi walivuka salama?

Na wakubwa wetu nao wana yao. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, ibara ya 137, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaambiwa kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano. Tukakaa zaidi ya miaka 20 tunakikuza! Ni Februari 2021 ndipo wakuu wa nchi walipokubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Kukubali ni hatua moja, kuona nyaraka na vikao vikibadilika ni hatua nyingine.

Lakini inawezekana. Mwezi huo huo wa Februari 2021, hayati Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kama jaji ameweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, afisa utumishi anashindwa nini kuandika onyo la usalama?

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Huo ni wajibu wa kisheria, hakuna cha hisani hapo. Kwa hiyo ukiletewa mkataba wa kurasa sita kwa kimombo na kuambiwa "saini hapa haraka, wenzako wanasubiri", una haki ya kusema: naomba nielezwe kwanza.

Najua mtasema, "Ukiuliza sana kazi anapewa mwingine." Kweli kabisa, njaa haina mbavu. Ndiyo maana nasema tusimwachie mtu mmoja mmoja. Mkiwa ishirini mkaomba kwa pamoja kwamba maelekezo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili, na kila aliyepewa amri airudie kabla ya kugusa mashine, hawezi kuwafukuza wote. Tena haimgharimu hata senti tano.

Na Kiingereza tuendelee kukisaka, jamani, maana kinalipa. Ila kutokukijua kusiwe sababu ya mtu kupoteza mkono, wala ya kusaini asichokisoma.

Haya wadau, kazini kwenu ikoje? Mwageni maoni hapo chini, kwa lugha yoyote mnayoielewa.