Madarasa Tumejengewa: Wajane Nani Atawahesabu?

Ndugu wapendwa walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo na viongozi wa parokia,

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura tena kwa ulimwengu. Tangu siku hiyo wakubwa wetu husema janga limekwisha. Kwamba ugonjwa ulipungua, hatubishi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Swali la haki ni hili: Je, walioangushwa na janga hili wamesimama? Na halmashauri zetu 11 za Mkoa wa Tanga, kuanzia Jiji hadi Mkinga, Pangani na Kilindi, zimewafanyia nini?

Tuanze na ukweli. Mwezi Mei 2020 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Makaburi hayakusimama. Mwezi Machi 2021 Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika miezi miwili tu, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Ikiwa Kanisa lilizika idadi hiyo, familia za kawaida zilizika wangapi? Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi twaongeza: aliyekataa kuhesabu wafu hana orodha ya wajane, na asiye na orodha ya wajane atamsaidia nani?

Madhara hayakuishia makaburini. Mwezi Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka kwa watu, malori ya mizigo yakaruhusiwa kupita. Mwenye lori alivuka Horohoro. Mama aliyezoea kuvuka na kikapu chake kichwani alibaki upande huu, mtaji ukaliwa na watoto. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, na nyingi hazikufunguliwa hadi mwishoni mwa Juni. Wapo wasichana ambao hawakurudi kamwe.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19 na ustawi wa taifa. Yakajengwa madarasa 15,000 nchini, pamoja na kazi za maji na afya. Hatudharau madarasa. Mtoto aliyekuwa akisomea chini ya mwembe na akapata paa ametendewa haki. Lakini fedha hizo zilishuka kwa halmashauri zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi na tarehe ya kumaliza. Halmashauri ikageuzwa msimamizi wa mafundi. Ni kijiji gani kiliulizwa, "Ninyi mmeumizwa wapi?"

Hapo ndipo kosa lilipo. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinaanzisha serikali za mitaa kwa kusudi la kupeleka madaraka kwa wananchi. Mafundisho ya Kanisa yanasema vivyo hivyo tangu waraka wa Papa Pio XI wa mwaka 1931: mamlaka ya juu yasiinyang'anye jamii ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Na historia yetu inashuhudia. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972. Miji ikachakaa, kipindupindu kikaingia katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Taifa lilijifunza kwa gharama ya uhai wa watu kwamba afya ya mtaa haiwezi kuendeshwa kutoka mbali. Mbona somo hilo limesahauliwa?

Kuna wanaojibu, "Halmashauri hazina fedha." Si kweli kabisa. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiki ndicho chombo kilichofaa hasa kumwinua mama wa Horohoro, mkulima wa mwani wa Pangani na kijana wa soko la samaki la Deep Sea. Kilifanywa nini? Mwezi Aprili 2023, majuma machache kabla ya kutangazwa kwamba dharura imekwisha, mikopo hiyo ilisimamishwa, kwa kuwa wakaguzi walikuta vikundi hewa na fedha nyingi zisizorejeshwa. Ikarejea mwaka 2024 kwa taratibu mpya, na Bumbuli ya mkoa wetu ikawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kuitoa kupitia benki.

Wizi ulipaswa kukomeshwa, hilo halina ubishi. Lakini vikundi hewa haviundwi na mama lishe. Huundwa na mwenye kalamu na mhuri. Aliyeiba ni mmoja, aliyefungiwa mlango ni mwingine. Hiyo si haki. Wala benki peke yake si dawa, kwa maana benki haimjui jirani. Anayemjua ni mtaa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila kijiji na kila mtaa uandike orodha ya kaya zilizopoteza mlezi au mtaji, na ya wasichana walioacha shule, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Wizara ya Elimu imewaruhusu kurudi masomoni hata waliojifungua. Pili, majina ya vikundi vinavyokopeshwa, kiasi walichopewa na walichorejesha, yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji na mtaa. Jina hewa haliwezi kusimama mbele ya majirani. Tatu, madiwani waulize kila robo mwaka: ushuru tuliomtoza mchuuzi wa dagaa umemrudia kwa njia gani, kwa maji, kwa zahanati, au kwa posho za vikao?

Nanyi walei, msidhani barua hii ni ya madiwani peke yao. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu, na vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Viti vyenu huko vi wapi? Mwanajumuiya anayesali rozari kila juma na kukwepa mkutano wa kijiji amewaachia wengine ugawaji wa mkate wa maskini. Kumbukeni Matendo ya Mitume, sura ya 6: wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza jamii ichague watu saba waaminifu wa kusimamia mgawo huo.

Jumuiya zenu zinawajua wajane kwa majina. Pelekeni majina hayo mtaani, mkiwa bega kwa bega na ndugu zetu Waislamu ambao misikiti yao inawajua wa kwao, maana UVIKO haukuuliza dini ya mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuta za madarasa tumeziona. Ufa ulio katika nyumba za watu bado uko wazi, na mkutano ujao wa kijiji ndio mahali pa kuanza kuuziba.