Usukani uko upande gani?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa yetu ya Lubumbashi hujaa vigelegele, na wale waliofaulu hutembea wakiwa weupe kwa poda waliyomwagiwa kichwani. Katika siku hizohizo wazazi hudaiwa ahadi zao. Wakati wa ujana wetu ahadi ilikuwa saa ya mkononi, au baiskeli kwa mwenye baba tajiri. Baadaye ikawa simu. Leo, katika jamaa zilizojaliwa kazi ya mgodi au biashara ya mpakani, baba husema: «Ukipata diplome, nitakununulia motokari.» Nami, kwa kuwa nimefundisha miaka mingi na watu hudhani kwamba mwalimu anajua kila kitu, huulizwa ni motokari gani imfaayo kijana wa miaka 18 au 19 anayejifunza kuendesha. Huniuliza juu ya rangi, juu ya ukubwa wa mashine, juu ya matumizi ya mafuta. Karibu hakuna anayeniuliza swali ninaloliweka mbele ya yote: usukani uko upande gani?

Mnajua jinsi ilivyo kwetu. Kongo tunapita mkono wa kuume wa barabara. Lakini motokari nyingi tunazonunua zimetumika kwanza Japani, nchi inayopita mkono wa kushoto, na kwa sababu hiyo usukani wake uko kuume. Huletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, huvuka Tanzania na Zambia, nchi mbili ambazo nazo hupita kushoto, na njiani kote huko huwa ziko nyumbani. Zinapofika Kasumbalesa, dereva hubadilisha upande wa barabara, lakini usukani haubadiliki. Kuanzia hapo motokari ni mgeni, na tunamkabidhi mtoto ambaye naye ni mgeni katika udereva. Wageni wawili, hakuna mwenyeji wa kumwongoza mwenzake.

Niliyafahamu haya kwa mwili wangu mwaka jana. Mpwa wangu, aliyekuwa amejifunza kwa miezi miwili tu, alinichukua katika Toyota Vitz yake kwenda Likasi, safari ya kilometa zipatazo 120. Mimi niliketi kushoto, mahali ambapo dereva angeketi kama motokari ingetengenezwa kwa ajili ya nchi yetu. Tulifika nyuma ya lori lililobeba shaba. Kijana akasogeza motokari kidogo kushoto, akarudi, akasogeza tena, kisha akaniuliza: «Mjomba, njia iko wazi?» Nikachungulia. Nikamwambia: «Ngoja.» Pikipiki ya watu watatu ikapita ubavuni mwangu kwa kasi. Baada ya kitambo akauliza tena, nami nikajibu tena, na hivyo ndivyo tulivyosafiri. Mimi sina permi. Sijaendesha kitu kikubwa kuliko baiskeli. Hata hivyo, siku ile macho ya dereva yalikuwa yangu, na ulimi wangu ndio uliokuwa ukiamua kama tutaishi. Kesho yake alirudi Lubumbashi peke yake. Sikulala mchana ule mpaka aliponipigia simu.

Tulifanye hesabu jambo hili, kama tungekuwa darasani. Lori ndefu lina urefu wa meta 20 hivi. Tuseme linakwenda kilometa 60 kwa saa, nawe unalipita, au «unalidubule» kama tusemavyo mjini, kwa mwendo wa 80. Tofauti yenu ni kilometa 20 kwa saa, yaani chini kidogo ya meta 6 kwa kila sekunde. Lazima uumalize urefu wa lori, na nafasi uliyoiacha nyuma yake, na nafasi ya kurudi mbele yake bila kulikata, jumla meta zaidi ya 60. Utahitaji sekunde 11 au 12. Katika sekunde hizo wewe utakuwa umekwenda meta 250 hivi, na yule anayekuja mbele yako kwa mwendo uleule naye 250. Basi, kabla ya kuanza, sharti uone nusu kilometa ya barabara iliyo tupu. Aketiye kushoto, karibu na mstari wa katikati, huinamisha kichwa kidogo tu akaiona. Aketiye kuume anaona mgongo wa lori, na ili aione nusu kilometa hiyo hana budi kuitoa karibu motokari nzima katika upande wa wenzake. Anaona akiwa tayari amekwisha ingia hatarini. Dereva mwenye miaka 20 ya kazi amejifunza werevu wa kulikabili tatizo hili: hukaa mbali nyuma ya lori, hungoja pinda linalomfunulia njia. Mwanafunzi hana werevu huo, maana werevu huo huja kwa miaka.

Na si kupita lori tu. Taa za motokari iliyotengenezwa kwa nchi inayopita kushoto hurusha mwanga juu zaidi upande wa kushoto, ili dereva aone ukingo wa njia. Kwetu ukingo uko kuume, na kushoto kuna macho ya mtu anayekuja. Mara ngapi mmewalaani madereva wa usiku mkidhani hawazimi taa kubwa? Wengine wamewasha zile ndogo, ila zimeelekezwa kwa nchi nyingine. Tena, yako mabasi madogo ya zamani yenye mlango mmoja wa kuvuta, ulio kushoto. Japani abiria hushukia pembezoni mwa njia. Hapa kwetu watoto hushukia katikati ya barabara.

Najua jibu la wazazi, kwa kuwa nimelisikia hata katika jamaa yangu: motokari yenye usukani wa kushoto ni ghali na ni haba, na hii ndiyo tuliyoweza. Silidharau jibu hilo. Mtu hulipia kile alicho nacho mfukoni. Lakini nimewaona pia wale ambao kwa feza hizohizo wangeweza kupata Corolla ya zamani yenye usukani wa kushoto, wakachagua ya kuume kwa kuwa ilikuwa mpya zaidi kwa miaka mitano na iling'aa. Hao siwahurumii sana. Kuna na wengine wanaosema: «Tutanunua ya kuume, halafu fundi atauhamisha usukani.» Nawasihi, msimkabidhi mwanafunzi kazi hiyo. Usukani si pambo. Una vyuma vinavyoshikana mpaka kwenye magurudumu, na ukikatwa na kuunganishwa kwa moto katika garaje ya kichochoroni, hakuna ajuaye ni siku gani utaachia. Usukani wa kuume ulio mzima ni afadhali kuliko wa kushoto uliochomelewa.

Kwa yule asiye na njia nyingine, nasema wazi: mwaka wa kwanza, mwanafunzi mwenye usukani wa kuume asipite lori katika barabara kuu akiwa peke yake. Akae nyuma. Akichelewa, amechelewa.

Sasa kuhusu motokari yenyewe. Vijana wa kiume hasa (dada zenu huniuliza maswali yenye akili zaidi, nisameheni) hupenda jeep ndefu yenye nguvu. Sababu yao ni barabara mbaya, nami nakubali kwamba barabara zetu zina mashimo. Lakini jeep iliyoinuka juu hupinduka kwa urahisi kuliko motokari iliyo karibu na ardhi, na mwanafunzi anapoogopa hukata usukani kwa ghafula. Mashine kubwa nayo humpa mwendo ambao macho yake hayajazoea kuupima. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia inayohitajiwa na breki ili kusimama huongezeka mara nne. Mtu wa miaka 18 anaweza kuyasoma haya katika kitabu cha fizikia na kupata alama nzuri, lakini mguu wake bado haujui. Mpeni motokari ndogo, ya kawaida, ambayo kila garaje ya mtaa inaifahamu na vipuri vyake viko sokoni. Ikikwaruzwa, hakuna atakayelia. Nayo itakwaruzwa.

Mnapokwenda kuitazama, nendeni asubuhi, mashine ikiwa baridi, pamoja na fundi mnayemwamini ninyi, si wa muuzaji. Acheni redio. Kabla ya kuwasha mashine, kanyageni breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha iwasheni huku mguu umeikanyaga: breki ikishuka kidogo, kinachosaidia mguu kingali kizima. Endeleeni kuikanyaga kwa nguvu. Ikizidi kuzama polepole, kuna mahali inapovuja. Vuteni mkanda wa kiti kwa ghafula, lazima ujifunge. Fanyeni hivyo hata kwa mikanda ya nyuma, kwa sababu huko ndiko watakakoketi wadogo zenu, na mara nyingi mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya kitambaa cha kiti na haijaonekana tangu motokari itoke melini. Geuzeni ufunguo mtazame taa ndogo ya mifuko ya hewa: huwaka kidogo kisha huzimika. Isipowaka kabisa, yaelekea mtu ameing'oa ili msijue kwamba mfuko haupo. Na juu ya mifuko hiyo, kumbukeni kwamba ile iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilionekana kuwa na hatari ya kupasuka na kurusha vipande vya chuma, hata mamilioni ya motokari ulimwenguni yakarudishwa ili yabadilishwe. Takata ilifilisika mwaka 2017, ila motokari nyingi za miaka ile zingali zinatembea. Nambari ya shasi humwezesha mtu kuuliza kwa mtengenezaji kama yake ilikwisha kurekebishwa.

Mipira ya magurudumu ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Ubavuni mwa kila mpira kuna nambari nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2312, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Waweza kuwa na meno marefu kama mpya, kumbe umekauka kama ngozi ya ngoma. Katika miezi ya kiangazi hautakusumbua. Ngojeni mvua ya kwanza, wakati vumbi na mafuta ya miezi mingi yanapogeuka utelezi juu ya lami, ndipo mtakapojua umri wake. Mimi husema hivi kwa wazazi, nao hukasirika: ikiwa feza zinatosha motokari lakini hazitoshi mipira minne mizuri, basi hazijatosha motokari.

Wapo wanaoleta motokari mpya parokiani ili padri aibariki. Ni desturi nzuri. Lakini nilipata kuona ikibarikiwa motokari ambayo mpira wake wa mbele ulikuwa umetoa nyuzi, na mwenyewe alikuwa amesimama kando yake amevaa suti mpya kabisa.

Jambo moja ambalo ningependa wazazi walisome nyuma ya mabega yenu. Sote tunajua kwamba permi yaweza kupatikana bila mwenye permi kugusa usukani. Mtoto hupewa ufunguo na karatasi siku moja, naye huingia njiani akidhani karatasi ni elimu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Tunawachanja, tunawawekea vyandarua, halafu tunawapa ufunguo kwa sababu tuliahidi. Kama mngeweza kuchagua, ningewashauri muombe ahadi igawanywe: mwaka wa kwanza masomo ya udereva ya kweli, pamoja na mtu mzima kando yenu, katika motokari ya jamaa, mwaka wa pili, motokari yenu. Nakiri kwamba sijamwona kijana hata mmoja aliyeukubali mpango huu kwa furaha.

Mpwa wangu bado ana Vitz yake. Nilimshauri aiuze, akanionyesha bei ya zile zenye usukani wa kushoto, nikanyamaza. Alibadilisha mipira minne, akapeleka taa kwa fundi, nasi tukapatana juu ya malori. Juma lililopita alikwenda Likasi peke yake na kufika baada ya saa tatu, sehemu kubwa ya njia akiwa nyuma ya lori la shaba. Alinipigia simu ili kulalamika juu ya moshi.