Mafuta ya mimea yapimwe, wagonjwa wasiachishwe vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu juu ya mafuta ya mimea wanayouziwa wagonjwa wa akili katika mitaa ya Temeke na Kinondoni.

Pita sokoni Tandika au Tandale utayaona katika vichupa: ya mchaichai, ya mkaratusi, ya karafuu. Muuzaji atakuambia yanaondoa wasiwasi, mashetani na hata wazimu. Wako wasomi wanaocheka. Mimi sicheki. Bibi zetu wa Pwani walifukiza kivumbasi na ubani tangu zamani, na kwamba harufu nzuri humtuliza mtu, hilo halihitaji cheti. Tena Wajerumani waliyatia mafuta ya ua la lavenda katika vidonge vya miligramu 80, wakawapa wagonjwa wa wasiwasi kwa wiki 10, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliomeza mafuta walipata nafuu zaidi. Lakini huo ni wasiwasi, ndugu wasomaji, si ugonjwa wa mtu anayesikia sauti, wala si kifafa.

Nataja kifafa kwa sababu hapa kwetu mara nyingi hutibiwa katika kliniki hizo hizo za magonjwa ya akili, na wauzaji nao hukitia kapu moja na mashetani. Kijana wa dada yangu, huko Mbagala, alikaa miaka miwili bila kuanguka, akimeza vidonge vyake kila siku. Mwaka jana mama yake akauziwa mafuta ya kunywa yenye kafuri na mkaratusi, akaambiwa vidonge vinapigana na dawa, aviache. Haikupita wiki kijana akaangukia jiko la mkaa. Mkono wa kulia haukunjuki mpaka leo. Na kafuri na mkaratusi, mtu akivinywa, vyenyewe vyaweza kuleta degedege! Madaktari wanalijua hilo kwa miaka mingi. Muuzaji ama hakulijua, ama hakujali.

Kuwafukuza waganga hakutasaidia. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliona kuwa karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga, yaani 48 kwa mia, walikuwa na matatizo kama huzuni na wasiwasi; katika zahanati walikuwa 24 kwa mia. Wagonjwa wako huko, tupende tusipende.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Muhimbili nako kazi ya kuchunguza dawa za asili ilianza mwaka 1974. Basi wataalamu wayapime mafuta haya moja moja, kama ilivyopimwa lavenda. Baraza nalo liagize kila chupa iandikwe kilichomo, na mganga atakayemwachisha mgonjwa vidonge vya hospitali anyang'anywe usajili.

Wizara nayo isijifiche nyuma ya waganga. Mama aliyeambiwa mara tatu kwamba dawa zimekwisha, aje wiki ijayo, atakwenda sokoni. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Isikosekane katika zahanati zetu.

Msomaji wako,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.