Kazi ya kuchuma chai si akiba tena

Mhariri,

Kwa miaka mingi vijana wa Kericho na Bomet waliamini kwamba masomo yakiharibika, kikapu cha kuchumia majani chai kitawasubiri. Hakiwasubiri tena. Mashine za kuchuma zimeingia katika mashamba ya kampuni kubwa, na hata hasira ya waandamanaji walioziteketeza Kericho Mei 2023 haikuziondoa.

Ndiyo maana uchaguzi wa masomo sasa una uzito zaidi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Wana mikondo mitatu ya kuchagua: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kuchagua mkondo kwa kumfuata rafiki ni kujipunja.

Ninazisihi shule ziwapeleke wanafunzi kwenye kiwanda cha chai. Wamwone fundi wa boila, mhasibu na mwonjaji chai, wawaulize walisoma nini. Chai bado ina kazi, ila nyingi sasa zinadai hisabati na kemia.

Nasi wazazi, bonasi ya chai ya Oktoba ikiingia, tulipe karo kwanza. Na majani yanaposhamiri, tusimtoe mtoto darasani aende kuchuma.

Mzazi,
Litein, Kericho