Mashine Imesoma, Wewe Unalipa

"Mashine imesoma." Kauli hiyo sasa inatosha kummaliza mwenye gari, awe Musoma mjini au Bunda. Fundi anachomeka waya chini ya usukani, namba inatokea, mjadala unafungwa: leta hela, sensa iagizwe Mwanza. Ukiuliza zaidi unaonekana mshamba, kwani kompyuta itadanganyaje?

Haidanganyi. Ila hayo mnayodai imeyasema haijayasema.

Chukua P0171. Namba hiyo inaeleza kwamba hewa imezidi petroli kwenye injini. Kilichosababisha, mashine haikijui. Huenda mpira wa hewa umepasuka, au pampu ya petroli imechoka. Huenda pia sensa ya hewa imejaa vumbi, jambo la kawaida kwa gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi za vijiji vya Butiama, na filta inapulizwa na kurudishwa kila mara. Lakini kinachobadilishwa kwanza ni sensa ya oksijeni, yaani ile ile iliyotoa taarifa! Taa ya injini inafutwa, mteja anaondoka akitabasamu, baada ya siku chache inawaka tena.

P0301 ndiyo inayonikera zaidi. Silinda namba moja inamisi, basi mteja anauziwa koili. Kumbe kuipima ni bure: koili ya silinda ya kwanza ihamishiwe ya tatu na ya tatu ije ya kwanza, kisha gari liendeshwe. Namba ikigeuka P0303, koili ni mbovu kweli. Ikibaki P0301, geukia plagi, nozeli, hatimaye kompresheni.

Mafundi wanalijua hilo. Tatizo ni sisi wateja: spea tunailipia bila kinyongo, lakini tukiambiwa tulipie saa moja ya kupima tunaona tumeibiwa. Fundi naye ana watoto; atauza kile tunachokubali kununua.

Wanunuzi wa magari wana ugonjwa huo huo wa kuiamini mashine. Gari ni namba E, mashine imesema "hakuna kosa", hela zinatoka. Herufi hiyo inaonyesha gari limesajiliwa lini nchini, si limetengenezwa lini. Na "hakuna kosa" mara nyingi hupatikana kwa spana namba 10: unachomoa terminali ya betri, kumbukumbu inafutika. Tena magari ya soko la Japani hayakubanwa na sheria ya Marekani iliyolazimisha mfumo mmoja wa kusomwa kuanzia magari ya mwaka 1996, kwa hiyo mashine ya bei poa inaweza kusoma nusu tu. Boljointi, bushi na chesisi ndiyo kabisa, hazisomwi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji gari lilale, uliwashe mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi, uone moshi wake. Ingia uvunguni ulikague. Kisha mwende nalo Bunda na kurudi Musoma, ndipo mashine ichomekwe, na uombe kuona pia vipimo ambavyo gari halijavikamilisha tangu kumbukumbu ifutwe. Muuzaji akilalamika kwamba mafuta ni ghali, jaza wewe. Bado ni nafuu kuliko giaboksi.